Ilikuwa Inapiga Kelele Tu

Kompyuta ya mdogo wangu haikuwa mbovu siku niliyoifungua. Ilikuwa inapiga kelele tu. Feni ya pawasaplai, kile kiboksi kinachoigawia kompyuta umeme, ilikuwa imechoka, na kila asubuhi ikiwashwa ililia kama bawaba kavu kwa dakika tano au kumi, kisha ikanyamaza na kazi zikaendelea. Mwenyewe alishazoea. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Kila ukoo una fundi wake wa bure, yule anayepigiwa simu televisheni ikigoma au simu ikijaa, na kwetu kazi hiyo iliniangukia mimi tangu zamani. Kwa hiyo nikajiona nina haki ya kutoa hukumu: pawasaplai ibadilishwe.

Ningeweza kubadilisha feni peke yake, lakini sikutaka kukifungua kile kiboksi, na kwa hilo tu katika hadithi hii yote nilikuwa sahihi. Ndani yake mna kapasita, vijidude vya kuhifadhi chaji ya umeme, zinazobeba volti zaidi ya 300, na chaji hiyo haitoweki papo hapo eti kwa sababu umechomoa waya ukutani. Wanaojua kuimaliza chaji hiyo salama wafungue. Mimi nanunua nzima.

Nikanunua ya wati 550 ishike nafasi ya ile ya 400. Jioni moja ikaniishia nikihamisha nyaya. Plagi moja tu ndiyo iliyonisumbua, ile ndogo ya volti 12 inayolisha prosesa (ubongo wa kompyuta), iliyojificha pembeni juu ya bodi mama, ile bodi kuu inayounganisha vyote. Ilikuwa imekaa pale miaka minane na kibanio chake kimekuwa kigumu kama mfupa. Niliing'ang'ania mpaka ikachomoka ghafla, mkono ukanirudi. Nikachomeka mpya, nikafunga kasha, nikabonyeza kitufe.

Ikawaka kimya kabisa. Nikasimama pale nimekunja mikono, nimeridhika.

Baada ya dakika mbili hivi, pu! Haikuaga, haikusema inajifunga. Kioo kikawa cheusi, feni zikasimama, taa ya mbele ikalala.

"Kaka," mdogo wangu akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko angefoka, "ilikuwa inapiga kelele tu."

Nikabonyeza tena. Safari hii haikufika hata pale pa kuandika nenosiri. Mara ya tatu ikaishi sekunde kumi na kitu. Nikatoa hukumu ya pili, upesi kuliko ya kwanza: nimeuziwa pawasaplai mbovu, na kila nikiiwasha inazidi kufa.

Ushahidi wote niliouhitaji ulikuwa mbele yangu dakika ile ile, katika zile mara tatu. Niliusoma kichwa chini miguu juu, na kwa kosa hilo nikapoteza siku mbili.

Ili uelewe nilivyopotea, lazima kwanza tukubaliane kwamba kompyuta haijizimi hivi hivi. Kuna aliyeizima. Kitufe cha mbele cha kompyuta ya mezani hakikati umeme kama swichi ya taa ya chumbani. Ni cha kuombea ruhusa tu. Tangu kiwango cha ATX, kinachopanga jinsi bodi na pawasaplai za kompyuta za mezani zinavyoundwa, kilipotolewa na Intel mwaka 1995, pawasaplai ikiwa imechomekwa huwa inatoa volti 5 kidogo kidogo muda wote, hata mashine ikiwa imelala. Ukibonyeza kitufe, bodi mama inauvuta waya wa kijani chini hadi volti sifuri, na hiyo kwa pawasaplai ndiyo amri ya kuamka. Pawasaplai inaamka, inasubiri volti zake za 12, 5 na 3.3 zitulie, halafu inajibu kupitia waya wa kijivu kwamba umeme ni mzuri. Jibu hilo huja kati ya milisekunde 100 na 500. Bila jibu hilo bodi haimruhusu prosesa kuanza hata hatua moja.

Ukiyajua mazungumzo hayo, swali linabadilika. Mashine ikizimika ghafla, ama pawasaplai imejikata yenyewe, ama bodi imeuachia waya wa kijani. Pawasaplai hujikata ikiona imevutwa kupita uwezo wake, au volti zimepanda au kushuka mno, au kuna shoti mahali, au yenyewe imepata joto. Bodi huuachia waya kwa sababu zake nyingine kabisa. Ukiwa umekaa kwenye kiti unaangalia kioo, hali hizi mbili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Giza ni giza. Mimi sikujiuliza hata mara moja ni nani kati ya wawili hao aliyezima. Nilikuwa na mtuhumiwa wangu tayari, mgeni aliyeingia nyumbani jana yake.

Basi nikaanza kumtafutia makosa mgeni.

Kwanza nikaifanyia jaribio la kibanio cha karatasi, ambalo kila fundi wa mtaani analijua: unaichomoa pawasaplai kutoka kwenye bodi, unaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi wowote kwa kipande cha waya, unaidanganya kuwa bodi imeomba. Feni ikazunguka. Nikaiacha nusu saa nzima, haikuzimika. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nikasema, aa, haina mzigo, ndiyo maana inavumilia. Na kweli jaribio lile halithibitishi mengi, maana pawasaplai dhaifu inaweza kuzungusha feni yake siku nzima na ikaanguka mara tu ikidaiwa umeme wa maana. Sababu yangu ilikuwa ya kweli. Nilichokitetea nayo ndicho kilikuwa uongo.

Nikachukua multimita, kile kipimo cha volti. Kwenye plagi ya ziada, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano, kompyuta ikiwa imewaka. Kiwango kinaruhusu ile 12 ichezee asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Mita ikaniandikia 12.09. Nikakaa nimeikodolea macho mpaka mashine ikazimika, na ile 12.09 haikutikisika hadi sekunde ya mwisho, ndipo ikaporomoka. Waya mwekundu ukasoma 5.04. Volti safi kabisa. Nikajiambia kwamba mita ni nzito, labda volti zinaanguka haraka kuliko macho yake. Hilo nalo ni kweli kwa mita ya kawaida. Unaona mchezo wenyewe ulivyo.

Nikafungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, katika zile dakika mbili chache ilizokuwa inanipa asubuhi. Pale pamejaa Kernel-Power, tukio namba 41, na ukimuuliza mtu yeyote atakuambia 41 maana yake pawasaplai. Siyo. Namba 41 inaandikwa mashine ikishaamka, nayo inasema tu kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Ni sawa na daktari akuandikie kwamba mgonjwa alianguka. Tunajua, daktari, ndiyo maana tumemleta.

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu kuna kosa moja la kubadilisha pawasaplai ambalo ni baya kuliko langu mara kumi, na katika usiku ule wa kwanza nilikaa nikiomba nisiwe nimelifanya. Pawasaplai nyingi za siku hizi zina nyaya za kuchomeka pande zote mbili, ili utumie zile unazohitaji tu. Upande wa bodi na diski, plagi ni za kiwango kimoja ulimwenguni. Upande wa pawasaplai yenyewe hakuna kiwango. Kila kampuni hupanga matundu inavyotaka, wakati mwingine hata kampuni moja hubadilisha mpangilio kati ya toleo na toleo, na umbo la plagi linaweza kubaki lile lile. Inaingia vizuri, inabana vizuri, haina alama ya kukuonya. Jamaa mmoja ninayemfahamu alikuwa amezipanga nyaya zake kwa ustadi nyuma ya kasha, zimefungwa kamba kila kona, akaona uvivu kuzitoa. Akabadilisha pawasaplai akaacha nyaya za zamani. Alipowasha, feni ziliruka robo mzunguko zikasimama. Akawasha tena. Na tena. Volti 12 zilikuwa zinaingia mahali palipotengenezwa kwa volti 5, na diski zake mbili hazikuzunguka tena maishani, pamoja na picha zote zilizokuwamo. Kwa hiyo ukibadilisha pawasaplai, ng'oa na nyaya zake zote, hata kama umezifunga kwa hariri. Ya kwangu nyaya zilikuwa zimeungwa moja kwa moja, hazichomoki, nikashukuru.

Siku ya pili nikahamia kwenye kitufe. Ukikishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 4, bodi huzima kila kitu kwa nguvu. Kila mtu ameshawahi kufanya hivyo mashine ikiganda. Sasa, kitufe kikikwama ndani baada ya kasha kufunguliwa na kufungwa, bodi inaona kidole kisichoondoka. Kompyuta inawaka, inahesabu nne, inazimika, na mwenyewe anakimbilia kununua spea. Yetu haikuwa inakufa kwenye nne, lakini nilishafika mahali pa kujaribu chochote. Nikachomoa kijiwaya cha kitufe kwenye bodi, nikawasha kwa kugusisha pini zake mbili na ncha ya bisibisi, kugusa na kuachia. Ikawaka, ikaishi, ikazimika vile vile.

Nikatafuta shoti. Nikachomoa diski, nikatoa kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), nikalitikisa kasha kusikiliza kama kuna skrubu inayotembea humo ndani. Skrubu moja iliyoangukia nyuma ya bodi inatosha kuzima kila kitu. Lakini shoti ya namna hiyo haikupi dakika mbili za kuangalia picha ya Windows. Inakukatia kabla feni haijamaliza mzunguko. Nilijua hivyo, na bado nikalitikisa kasha.

Habari ya mzigo nayo niliiwaza. Kuna kompyuta ambazo hazina shida mtu akiandika barua, zinazimika akifungua mchezo. Kadi kubwa za picha zina tabia ya kumeza umeme kwa kishindo cha muda mfupi mno, juu sana ya wati zilizoandikwa kwenye boksi lake, na pawasaplai yenye ulinzi mkali huona kishindo hicho ni hatari, ikajikata. Tatizo hilo lilikua mpaka kiwango cha ATX 3.0, cha mwaka 2022, kikazitaka pawasaplai za kadi hizo zistahimili kishindo cha mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Lakini mashine ya mdogo wangu haina kadi ya picha. Ni ya kuandikia ripoti. Inazimika ikiwa haifanyi lolote, imekaa tu, inangoja nenosiri.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa nimekaa sakafuni, kasha limelala ubavu, nyaya zimezagaa kama matumbo. Mdogo wangu akaja akasimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Kaka, hivi ile ya zamani umeitupa?"

"Ipo. Kwa nini?"

"Si uirudishe tuone?"

Nikamweleza kwa kirefu kwa nini haifai. Kwamba ni kazi ya kuchomoa kila kitu upya. Kwamba ile ya zamani haina cha kutuambia, maana tunajua ilikuwa nzima. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Tunajua ilikuwa nzima. Yeye hakubishana, alinitazama tu, na maneno yangu yakaanza kunirudia polepole. Kama ya zamani ilikuwa nzima, na tukiirudisha mashine ikawaka vizuri, basi ile mpya ni mbovu na kesi imekwisha. Na tukiirudisha mashine bado ikazimika, basi...

Jaribio la dakika arobaini, lisilohitaji mita wala elimu, na nilikuwa nimelizunguka siku mbili kama mtu anayekwepa barabara ya nyumba ya anayemdai. Nadhani najua kwa nini. Lilikuwa jaribio pekee ambalo lingeweza kunitaja mimi. Nyani haoni kundule.

Nikairudisha. Ilipowaka ikalia mlio wake ule ule wa bawaba kavu, na nakiri niliufurahia. Ikalia, ikalia, na baada ya dakika 1 na sekunde 31, pu! Kimya.

Pawasaplai mbili, moja mpya na moja tuliyoijua kwa miaka minane, zote zinakuwa mbovu kwa namna moja katika wiki moja? Mgeni akafutiwa mashtaka pale pale. Kilichobadilika kati ya kompyuta inayopiga kelele na kompyuta inayojizima kilikuwa kimoja tu, nacho ni mikono yangu humo ndani.

Ndipo mdogo wangu akaniletea ile karatasi. Nilidhani ni ya kazi zake. Kumbe wakati mimi napima volti, yeye alikuwa ameketi na simu yake anapima muda, kwa sababu, alisema, hakuwa na kompyuta ya kufanyia kitu kingine. Alikuwa ameandika safu mbili, imepumzika muda gani na imeishi muda gani. Ikipumzika dakika 1, inaishi sekunde 14. Dakika 5, sekunde 37. Nusu saa, dakika 1 na sekunde 20. Usiku kucha, dakika 2 kasoro kidogo.

"Ikipumzika sana ndiyo inaishi sana," akasema.

Niliisoma ile karatasi mara mbili. Kitu kinachozidi kufa hakifufuki kikilala. Pawasaplai mbovu haijui saa ngapi ilizimwa. Kuna kitu kimoja tu ndani ya kasha la kompyuta kinachojaa mashine ikiwa imewaka na kupungua taratibu ikiwa imezimwa, nacho ni joto. Zile mara tatu za usiku wa kwanza, dakika mbili, kisha chini yake, kisha sekunde kumi na kitu, zilikuwa zinasema hivyo hivyo. Nilikuwa nambonyeza mtu aliyechoka kukimbia, akimbie tena.

Halafu jambo jingine dogo likanijia. Pawasaplai ikijikata yenyewe kwa kujilinda, mara nyingi hugoma kuwaka tena mpaka uzime swichi ya nyuma au uchomoe waya ukutani, ukangoja kidogo. Hii yetu haikugoma hata mara moja. Kila nilipobonyeza iliitika papo hapo. Ilikuwa inatii amri, ya kuwaka na ya kuzimika. Aliyekuwa anatoa amri ya kuzima alikuwa upande wa bodi.

Tukaiacha ipoe, nikawasha, nikaingia kwenye BIOS, programu ya bodi yenyewe inayoamka kabla Windows haijaanza, kwenye ukurasa unaoonyesha volti na nyuzi za joto. Tukakaa wote wawili tumekitazama kioo. Prosesa: 58. Kabla sijavuta kiti, 66. Halafu 71, 77, 80. Kwa kawaida ukurasa ule ungepanda kidogo ukatulia kwenye arobaini na kitu. Huu ulikuwa unapanda kama mita ya mafuta pampu ikiwa wazi. Prosesa nyingi zina ngazi mbili za kujiokoa: zikikaribia nyuzi 100 hivi zinapunguza kasi zenyewe, na joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, zinatoa ishara ya mwisho kwa bodi, na bodi inakata umeme bila kumuuliza mtu, wala Windows, wala wewe. Ni ulinzi mzuri. Bila huo ningekuwa nimeichoma prosesa tangu usiku wa kwanza, maana niliiwasha zaidi ya mara thelathini.

Ilipofika 93 nikaingiza mkono nikagusa kipoozeo, lile bonge la alumini lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa na feni yake juu. Nilitegemea kuunguzwa. Lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Nitakumbuka ile baridi kwa muda mrefu. Kioo kinasema 93, na chuma ambacho kazi yake yote ni kuipokea 93 hiyo hakina habari. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, tena kwa kasi, ikipuliza kwa bidii alumini isiyo na joto lolote. Joto lilikuwa halivuki.

Tukazima. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia kwa ubavu. Kipoozeo cha aina ile hushikwa na miguu minne ya plastiki, kila mguu una ncha iliyopasuka inayopenya tundu la bodi, na kijiti cheusi kinachoshuka katikati kuitanua ncha hiyo isirudi. Miguu miwili ya chini ilikuwa imekaa sawasawa. Wa tatu, upande wa juu, ulikuwa umeinuka kama milimita 3, ncha yake iko nje ya tundu kabisa. Wa nne, jirani yake, umetoka nusu. Na hapo hapo, kando ya ule mguu wa tatu, upana wa kidole gumba tu, ndipo ilipo ile plagi ndogo ya volti 12 iliyonisumbua. Mkono wangu ukakumbuka kabla yangu. Wakati naing'ang'ania ile plagi nilikuwa nimeegemeza vidole vinne chini ya ukingo wa kipoozeo, nikivitumia kama mtaimbo.

"Umeona nini?" mdogo wangu akauliza.

"Nimeona mkono wangu," nikamjibu.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kusimulia. Miguu ile ina vichwa vyenye mshale. Ukizungusha kuelekea mshale unapoonyesha unafungua, jambo ambalo watu wengi hulichukulia kinyume, wakadhani wanakaza. Nikavifungua vyote, nikakiinua kipoozeo. Pesti ya zamani, ule ute unaovusha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoozeo, ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, nusu imebaki kwenye prosesa, nusu kwenye alumini. Huwezi kuikandamiza tena pesti iliyoachana hivyo ukategemea itafanya kazi. Nikaifuta yote kwa kitambaa na alkoholi, nikaweka tone jipya katikati, kubwa kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Watu hupaka pesti kama siagi, na haina haja. Uzito wa kipoozeo na mkazo wa miguu vitaisambaza.

Halafu miguu. Hapa ndipo pa kuwa na subira, maana miguu hii hudanganya. Nilirudisha vichwa kwenye hali ya kufungwa, nikaweka ncha zote nne kwenye matundu yake, kisha nikakandamiza kwa kukingamisha: wa juu kushoto na wa chini kulia, halafu wengine wawili. Kila mmoja unatakiwa kulia tak. Ukikandamiza mguu ukashuka bila mlio, haujaingia, hata ukionekana umeingia. Wa mwisho ulinigomea mara mbili. Safari hii sikuamini macho ya juu. Nikaitoa bodi nzima, nikaigeuza, nikahakikisha nyuma yake naona vijiti vinne vyeusi vimetokeza katikati ya plastiki. Vinne. Nikavihesabu kwa kidole.

Na nikairudisha pawasaplai mpya, ile niliyokuwa nimeshaiandikia barua ya malalamiko kichwani. Plagi ya volti 12 niliichomeka kwa vidole viwili, mkono wa pili nikauweka mgongoni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

BIOS ikaonyesha 36. Halafu 38. Ikapanda mpaka 41, ikashuka 40, ikarudi 41, ikakaa. Nikagusa mapezi ya kipoozeo: vuguvugu. Sijawahi kufurahia chuma cha vuguvugu kiasi kile.

Mdogo wangu akavuta kiti, akaiwasha upya mwenyewe, akaandika nenosiri, akaweka mikono mapajani. Hakufungua chochote. Nikaona midomo yake inachezacheza bila sauti, nikachukua muda kuelewa kwamba anahesabu. Alipofika mia na ishirini akanitazama. Akaendelea kuhesabu mpaka mia na hamsini. Kisha akaifungua ripoti yake.